Namna ya Kuufuatilia Msimu wa Futiboli ya Kimarekani ya Vyuo Vidogo Ukiwa Kigoma

Mpwa wangu aliondoka Mwanga, hapa Kigoma, akiwa beki wa kushoto mwenye shuti kali, na leo anavaa kofia ngumu na kupiga mikwaju katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kidogo huko Ohio. Jumamosi ya kwanza tuliyomtazama kwa simu, mama yake, ambaye ni dada yangu, alimwona akiingia uwanjani, akipiga mpira mmoja, kisha akitoka mbio. Akanigeukia na kuniuliza, "Mdogo wangu, mbona wamemtoa? Amekosea nini?" Sikuwa na jibu. Mwongozo huu umetokana na misimu mitatu ya kulitafuta jibu hilo, na nimewaandikia wale ambao, kama sisi, wana ndugu katika vyuo hivyo, pamoja na wapenzi wa michezo ambao wamekwisha kujaribu kuutazama mchezo huu mara moja wakakata tamaa.

Wengi hukata tamaa kwa sababu huanza na kanuni, na kanuni za mchezo huu ni nyingi kuliko siku za msimu wenyewe. Ushauri wangu ni kuanza na timu moja na ratiba yake. Kanuni utazipata njiani, kila moja siku utakapoihitaji.

Daraja la Tatu si daraja unalolijua

Michezo ya vyuo vingi vya Marekani inasimamiwa na shirikisho linaloitwa NCAA, ambalo lilianza mwaka 1906 na ambalo tangu mwaka 1973 limevigawa vyuo katika madaraja matatu. Vyuo vidogo vingi, hasa vile vya watu binafsi vyenye wanafunzi elfu moja au elfu mbili, vimo katika Daraja la Tatu, na zaidi ya 200 kati yake vina timu za futiboli. Hapa msomaji wa Tanzania anatakiwa kuwa mwangalifu, kwa sababu neno daraja kwetu lina maana ya kupanda na kushuka. Huko hakuna kupanda wala kushuka. Timu inaweza kutwaa ubingwa wa Daraja la Tatu mara kumi na msimu unaofuata ikaanza tena palepale, kwa kuwa daraja linafuata uamuzi wa chuo kuhusu kiasi cha fedha na nafasi ambayo kinataka michezo ichukue katika maisha ya wanafunzi wake.

Tofauti kubwa ya daraja hili ni kwamba chuo hakiruhusiwi kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu ya uwezo wake wa kucheza. Mwanafunzi anaweza kupata msaada kwa sababu ya alama zake darasani au hali ya kipato cha familia yake, lakini si kwa sababu ya mguu wake. Ninalieleza jambo hili mapema kwa kuwa hapa mtaani nimekwisha kuwasikia watu wakisema kwamba kijana amenunuliwa na chuo. Hakununuliwa. Anaamka alfajiri kwenda mazoezini, kisha anaingia darasani kama wenzake, na akifeli masomo hachezi.

Hesabu ya mechi kumi

Msimu huanza mapema mwezi Septemba, wakati huku kwetu vumbi la kiangazi bado limetanda njia ya Kibirizi, na mechi za kawaida humalizika katikati ya Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Katika kipindi hicho kila timu hucheza mechi 10 tu, moja kwa wiki, karibu zote Jumamosi. Zingatia idadi hiyo, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito wote wa msimu. Katika Ligi Kuu yetu timu inaweza kupoteza mechi nne na bado ikawa bingwa, lakini timu ya Daraja la Tatu inayopoteza mechi mbili huwa tayari inahesabu vidole, na inayopoteza tatu kwa kawaida imebaki kucheza kwa heshima.

Timu zimepangwa katika ligi za kikanda, na hatua ya kwanza kabisa ni kuijua ligi ya timu yako. Chukua mfano wa ligi ya vyuo vya serikali vya jimbo la Wisconsin, ambayo wafuatiliaji wengi huihesabu kuwa ngumu kuliko zote katika daraja hili. Ina timu 8 za futiboli, kwa hiyo kila timu hukutana na wenzake 7 mara moja moja, bila marudiano, na mechi 3 zilizobaki huchezwa mwanzoni mwa msimu dhidi ya timu za nje ya ligi. Kutokuwapo kwa marudiano ni jambo zito. Ukifungwa na mpinzani wako mkuu nyumbani kwake mwezi Oktoba, hakuna siku ya kumsubiri kwako, na mkilingana mwishoni yeye ndiye atakayetangulia. Sare pia haipo, kwa kuwa muda ukiisha timu zikiwa sawa, kila moja hupewa mpira katika yadi ya 25 ya mpinzani, yaani mita 23 hivi kutoka mstari wake wa kufungia, ijaribu kufunga, na zikiwa bado sawa baada ya zamu mbili, hupokezana jaribio moja moja la kuuingiza mpira kuanzia yadi ya 3 mpaka mshindi apatikane.

Basi chukua karatasi na uandike mechi zote 10 za timu yako. Pigia mstari zile za ligi. Kando ya kila mpinzani andika matokeo yake ya msimu uliopita, ambayo hupatikana katika tovuti ya chuo chake. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na itakuonyesha kwamba mechi tatu au nne ndizo zitakazoamua msimu. Hizo ndizo za kuwekea bando. Nyingine unaweza kuzifuata kwa matokeo tu.

Saa, na kosa nililolifanya

Mechi nyingi huanza saa saba mchana kwa saa za kule. Kwa majimbo ya mashariki kama Ohio na New York, kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, ongeza saa 7, nawe utapata saa mbili usiku ya Kigoma. Kwa Wisconsin na Illinois ongeza saa 8, yaani saa tatu usiku. Hadi hapo hakuna tatizo. Tatizo huja Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambapo Wamarekani hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, nasi hatubadilishi chochote, hivyo kuanzia siku hiyo unaongeza saa 8 kwa mashariki na saa 9 kwa Wisconsin na Illinois.

Msimu wa kwanza sikulijua hilo. Nilikaa mbele ya simu saa mbili usiku, nikatazama picha tuli ya nembo ya chuo hadi karibu saa mbili na nusu, nikamwambia dada kwamba bila shaka mchezo umeahirishwa kwa sababu ya theluji, naye akaenda kulala Ujiji. Mchezo ulianza saa tatu kamili. Usiku huo kijana alipiga mkwaju wa yadi 41 uliopita katikati ya nguzo, na mpaka leo jambo hilo hutajwa kila tunapokaa kula. Andika saa kwa mkono katika ile karatasi ya ratiba, mechi kwa mechi, na usiiamini kumbukumbu yako.

Kuhusu picha, vyuo vingi vya daraja hili huonyesha mechi zao vyenyewe kwa njia ya intaneti, vingine bila malipo na vingine kwa malipo kidogo, na kiungo huwekwa katika ukurasa wa michezo wa chuo mwenyeji. Ukumbuke hilo la mwenyeji, kwani timu yako ikisafiri, utatakiwa kuingia katika tovuti ya mpinzani. Picha hula bando, nao mchezo wenye dakika 60 za saa rasmi huchukua takribani saa tatu kwa sababu saa husimamishwa mara kwa mara. Kwa hiyo sisi tumejifunza kutumia ukurasa wa takwimu za moja kwa moja, ambao una maandishi tu na hufunguka hata mtandao unapokuwa mzito. Picha tunaifungua robo ya nne.

Kuusoma uwanja kwa kokwa la chikichi

Ukurasa huo wa takwimu ndio ulionifundisha mchezo. Kila mstari wake hutangulia na tarakimu mbili, tuseme 3 na 7, zikifuatwa na herufi za kifupi cha jina la timu na namba nyingine, tuseme 35. Maana yake ni hii: timu yenye mpira iko katika jaribio la tatu, imebakiza yadi 7, na mpira uko katika yadi ya 35 ya upande wa timu iliyotajwa. Mwanzoni nilichora uwanja nyuma ya kalenda ya zamani ya ukutani, nikaugawa katika vipande vya yadi kumikumi, nikaweka kokwa la chikichi kuwa mpira. Kila mstari mpya ulipotokea nililisogeza lile kokwa. Baada ya mechi mbili watoto wa nyumbani walikuwa wakinipokonya kazi hiyo.

Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 hivi, na kila mwisho una eneo la kufungia lenye yadi 10. Namba za yadi hupanda hadi 50 katikati, kisha hushuka tena, na hilo huwachanganya wengi wanaodhani kwamba timu imerudi nyuma. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, huhesabiwa upya na kupewa mengine manne. Ikifika jaribio la nne bila kufaulu, huwa na njia tatu. Inaweza kupiga mpira mbali ili mpinzani aanzie nyuma kabisa, inaweza kujaribu mkwaju kati ya nguzo ikiwa imekaribia, au inaweza kujitosa kutafuta yadi zilizobaki, ikijua kwamba ikishindwa mpinzani atauchukua mpira palepale. Mvutano wa mchezo huu umo katika uchaguzi huo. Anayeangalia mbio na migongano peke yake hukosa kumwona kocha akisimama kando ya mstari, karatasi mkononi, akiamua katika sekunde chache jambo ambalo mji mzima utaliuliza kesho yake.

Sasa naweza kumjibu dada. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, lakini timu ina vikosi tofauti. Kikosi cha kushambulia kikiingia, cha ulinzi hutoka, na kwa mikwaju huingia kikosi cha tatu. Kutoka si adhabu, kwa kuwa mchezaji anaweza kuingia na kutoka mara nyingi apendavyo kocha. Mpiga mikwaju hukaa benchi karibu mchezo mzima, akizungukazunguka na kupiga mpira katika wavu mdogo uliowekwa kando ili mguu usipoe, kisha huitwa kwa sekunde chache ambazo hawezi kuzirudia.

Pointi zenyewe ni rahisi. Kuuvusha mpira katika mstari wa eneo la kufungia huitwa tachidauni na huleta pointi 6. Mkwaju unaopita kati ya nguzo katika mchezo wa kawaida huleta 3. Kumkamata mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe huleta 2. Baada ya tachidauni timu huchagua kati ya mkwaju mfupi wa pointi 1 na kuuingiza tena mpira kwa mikono, kuanzia yadi ya 3, kwa pointi 2.

Kwa sisi tuliokulia katika soka, mkwaju ndio mlango wa kuingilia mchezo huu, na ndiyo maana timu nyingi huwatafutia kazi hiyo vijana waliocheza soka. Nguzo zimeachana kwa mita 5.64, yaani pungufu ya goli letu lenye mita 7.32, lakini mwamba uko juu mita 3.05, na mpira sharti upite juu yake. Ule mpira ambao pale uwanja wa Lake Tanganyika ungezomewa kwa kupaishwa, huko ndio unaoshangiliwa. Ili kujua umbali wa mkwaju kabla haujapigwa, chukua yadi ambayo mpira upo, ongeza 10 za eneo la kufungia kwa kuwa nguzo ziko mwisho wake, kisha ongeza 7 kwa sababu mpira hurushwa nyuma kwa mwenzake anayeushika chini. Mpira ukiwa yadi ya 24, mkwaju ni wa yadi 41, yaani mita 37 na nusu. Ule wa mpwa wangu. Kwa wapigaji wa vyuo vidogo, chini ya yadi 30 tarajia kuingia, na zaidi ya 45 ni bahati na upepo. Mwezi Novemba mpira hupoa na kuwa mgumu, hauruki kama wa Septemba, hivyo punguza matumaini yako kidogo.

Namna timu inavyoingia katika mtoano

Mechi za kawaida zikiisha, kamati hutangaza timu za mtoano. Tangu msimu wa 2024 ni timu 40, baada ya miaka mingi ya 32. Mabingwa wa ligi za kikanda zenye nafasi hiyo huingia moja kwa moja, na nafasi zilizosalia hujazwa kwa hesabu maalumu inayopima ushindi, ugumu wa wapinzani na matokeo dhidi ya timu nyingine bora. Ikiwa timu yako si bingwa wa ligi yake, kufungwa kwake mara moja na timu ngumu kunaweza kusamehewa, lakini ushindi mwingi dhidi ya timu dhaifu hauisaidii sana. Ndiyo sababu nilikwambia uandike matokeo ya wapinzani katika karatasi yako.

Katika timu hizo 40, 24 hupita raundi ya kwanza bila kucheza, na 16 hupambana ili 8 ziungane nazo. Kuanzia hapo ni 32, 16, 8, 4 na 2, mchezo mmoja kila raundi, anayefungwa anafunga virago. Mechi huchezwa kwenye uwanja wa timu iliyopangwa juu zaidi mpaka nusu fainali. Katika raundi za mwanzo kamati hujaribu kukutanisha timu zinazoweza kufikiana kwa basi ili kupunguza gharama za ndege, jambo ambalo mtu aliyewahi kusafiri na timu ya shule kutoka Kigoma hadi Tabora kwa ajili ya UMISSETA atalielewa bila maelezo. Matokeo yake ni kwamba timu mbili kali za eneo moja zinaweza kukutana mapema mno, na mshabiki ana haki ya kulalamika. Mimi hulalamika kila mwaka.

Fainali na majina ya kuyajua

Mchezo wa fainali una jina la Amos Alonzo Stagg, kocha aliyeifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1892 hadi 1932 na aliyefariki mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 102. Fainali ya kwanza ilichezwa mwaka 1973, ambapo Wittenberg ya Ohio iliifunga Juniata 41 kwa 0. Kuanzia 1993 hadi 2017 fainali zote zilichezwa Salem, mji mdogo wa jimbo la Virginia. Anayeona ajabu fainali ya taifa kupelekwa mji mdogo na akumbuke Julai 25, 2021, Simba na Yanga walipoletwa Lake Tanganyika kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba wakashinda 1 kwa 0, na jinsi mji huu ulivyokuwa siku hiyo.

Ukitaka kuzungumza na mtu wa huko bila kuonekana mgeni, jua jina la Mount Union, chuo kidogo cha mji wa Alliance, Ohio, chenye ubingwa 13, ambapo 11 ulipatikana chini ya kocha Larry Kehres. Kati ya 1996 na 2003 timu hiyo ilikuwa na mfululizo wa ushindi wa mechi 54, ikafungwa, kisha ikaanza mwingine wa 55. Jina la pili ni Wisconsin–Whitewater, yenye ubingwa 6, wote chini ya kocha Lance Leipold. Timu hizo mbili zilikutana katika fainali mara 9 kati ya 2005 na 2014, na kwa kuwa zote huvaa zambarau, mtu anayeanza kutazama kumbukumbu za miaka hiyo atajiuliza nani ni nani. Wa tatu ni North Central ya Illinois, mabingwa wa 2019, 2022 na 2024, fainali ya mwisho kati ya hizo ikichezwa Houston Januari 5, 2025, walipoifunga Mount Union 41 kwa 25.

Kama una bando la kutazama fainali moja tu ya zamani, tafuta ya mwaka 2023. Cortland, chuo cha serikali cha jimbo la New York, walikuwa mbele 38 kwa 31, North Central wakafunga tachidauni katika dakika za mwisho na ubao ukasoma 38 kwa 37. Mkwaju mfupi wa pointi 1 ungeleta sare na muda wa nyongeza. North Central wakaacha mkwaju, wakatafuta pointi 2 za kumaliza kazi, na ulinzi wa Cortland ukawazuia. Nilimwonyesha dada mchezo huo, nikausimamisha kabla ya uamuzi, nikamuuliza yeye angefanya nini. Alijibu bila kusita kwamba angemwita mpiga mikwaju, kwani mtoto wa watu amekaa benchi usiku kucha kwa kazi hiyo.

Jambo la mwisho linahusu simu. Timu ikitolewa katika mtoano, usimpigie kijana usiku huohuo. Atakuwa ndani ya basi, gizani, pamoja na wenzake wa mwaka wa nne ambao wengi wao hawatavaa tena kofia ile. Sisi hupiga Jumapili saa kumi na moja jioni, ambayo kwa Ohio wakati huo wa mwaka ni saa tatu asubuhi, na dada huanza kwa kumuuliza kama amekula.